Basalti ya Oldupai na Kalenda ya Sumaku ya Dunia: Mwelekeo wa Ushahidi na Mipaka Yake katika Mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kufanywa Bariadi kuwa makao yake makuu, umekalia ukingo wa zama mbili za miamba. Upande wa magharibi na katikati, kuanzia Busega hadi Maswa, vilima vya graniti na mabaki ya miamba ya volkano ya kale vina umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Upande wa mashariki, baada ya Pori la Akiba la Maswa, huanza wilaya ya Ngorongoro ya mkoa wa Arusha, ambako lava na majivu ya volkano yamelala juu ya msingi huo wa kale, na umri wake huhesabiwa kwa mamilioni machache tu ya miaka. Kutoka Bariadi hadi Bonde la Oldupai ni takriban kilomita 150 kwa mstari ulionyooka. Kwa umri wa miamba, umbali huo ni zaidi ya miaka bilioni mbili.

Miamba hii yote imehifadhi usumaku wa aina fulani, lakini ni ile ya Oldupai pekee iliyoingia katika historia ya sayansi kwa kuipa dunia jina la kipindi cha wakati. Kila chati ya migeuko ya uga wa sumaku wa Dunia huonyesha, ndani ya kipindi kirefu cha uga uliogeuka, ukanda mwembamba wa uga wa kawaida uitwao Olduvai. Jinsi jina hilo lilivyofika huko husimuliwa mara nyingi kinyume cha ilivyotokea, kana kwamba usumaku ndio uliotoa umri wa zamadamu wa Oldupai. Kumbukumbu za machapisho ya 1961 hadi 1971 zinaonyesha jambo jingine: umri wa miamba ya Oldupai ulipatikana kwanza kwa njia nyingine, ukabishaniwa vikali, na ndipo ukatumika kuipima historia ya sumaku ya Dunia. Tofauti hiyo ya mwelekeo si suala la heshima tu. Inaamua ni wapi njia hii inaweza kutumika na ni wapi haiwezi, Simiyu ikiwamo.

Sumaku iliyofungwa ndani ya mwamba

Lava inapotoka ardhini huwa na joto la karibu nyuzi 1,100 za Selsiasi. Katika joto hilo chembe za magnetiti zilizomo hazina usumaku wa kudumu. Zinapopoa na kushuka chini ya nyuzi 580 hivi, zinaanza kushika usumaku, na usumaku huo huelekea upande ambao uga wa Dunia umeelekea wakati huo. Lava ikishaganda na kupoa, mwelekeo huo hubaki hata kama uga wenyewe utabadilika baadaye. Mashapo yanayotua taratibu katika ziwa nayo hushika mwelekeo, kwa kuwa chembe ndogo za chuma hujipanga kabla ya tope kukaza, ingawa usumaku wake ni dhaifu zaidi na huharibika kwa urahisi.

Mwaka 1906 mwanafizikia Mfaransa Bernard Brunhes alitangaza kwamba lava ya eneo la Cantal, pamoja na udongo uliochomwa na lava hiyo, ilikuwa na usumaku unaoelekea kinyume na uga wa sasa. Mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani aliongeza hoja ya wakati: miongoni mwa basalti alizozipima kutoka Japani, Korea na Manchuria, zile zenye usumaku wa kinyume hazikutawanyika ovyo, bali zilikuwa za zamani zaidi kuliko zile zenye usumaku wa kawaida. Hoja hiyo ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila kushughulikiwa kwa uzito iliostahili.

Sababu za kusitasita zilikuwa na mantiki. Mwaka 1951 Louis Néel alionyesha kinadharia kwamba madini fulani yanaweza kujigeuza yenyewe yanapopoa, bila uga wa Dunia kugeuka, na muda mfupi baadaye watafiti wa Japani walipata mwamba wa Haruna uliofanya hivyo maabara. Kwa hiyo mtu aliyeshika kipande cha lava chenye usumaku wa kinyume hakuweza kusema kwa uhakika kama kilichogeuka ni Dunia au ni kipande chenyewe. Njia ya kutoka katika utata huo ilikuwa moja: kama Dunia ndiyo iliyogeuka, basi lava zote za umri mmoja, popote zilipo, zingepaswa kuwa na mwelekeo mmoja. Ili kulithibitisha hilo zilihitajika tarehe, tena tarehe ambazo hazikutokana na usumaku.

Tarehe iliyobishaniwa

Tarehe hizo zilitokana na potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu yote ya asili ni isotopu ya potasiamu-40, ambayo huoza polepole sana (nusu yake huisha kwa takriban miaka bilioni 1.25), na sehemu ya mazao yake ni gesi ya agoni. Mwamba unapoyeyuka, agoni hutoroka. Unapoganda, saa huanza upya. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Jack Evernden na Garniss Curtis waliboresha kipimo hiki hadi kikaweza kutumika kwa miamba michanga.

Oldupai ilikuwa mahali pa kukijaribia. Bonde hilo liliingia katika maandishi ya Ulaya mwaka 1911 kupitia Mjerumani Wilhelm Kattwinkel, aliyeliandika jina la Kimaasai la mkonge pori kwa kosa la sikio ambalo chati za dunia zimelihifadhi hadi leo. Hans Reck alilifanyia utafiti mwaka 1913, na Louis Leakey alianza kazi yake hapo mwaka 1931. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alipata fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus katika Tabaka la Kwanza, yaani tabaka la chini kabisa la mashapo ya bonde. Louis Leakey alilikadiria kuwa na miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 Leakey, Evernden na Curtis walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya potasiamu-agoni kutoka katika majivu ya tabaka hilo: miaka milioni 1.75.

Umri ulikuwa umeongezeka karibu mara tatu kwa chapisho moja. Mwaka huohuo G. H. R. von Koenigswald, mtaalamu wa visukuku vya Java, pamoja na W. Gentner na H. J. Lippolt wa Heidelberg, walijibu katika jarida hilohilo. Wao hawakupima majivu. Walipima basalti iliyo chini ya Tabaka la Kwanza, wakapata takriban miaka milioni 1.3. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka na ngumu kukwepa: kilichotua juu hakiwezi kuwa cha zamani kuliko kilichokilalia. Ikiwa basalti ina miaka milioni 1.3, majivu yaliyo juu yake hayawezi kuwa na milioni 1.75.

Evernden na Curtis waliishikilia tarehe yao. Walieleza kuwa basalti hiyo ilikuwa imeathiriwa na mabadiliko ya kikemia, na mwamba ulioathirika hupoteza agoni, hivyo huonekana mchanga kuliko ulivyo. Maelezo hayo yalikubalika kimantiki, lakini yalikuwa na udhaifu wa kila utetezi unaotolewa na mwenye hoja mwenyewe. Ushahidi kutoka nje ya njia ya agoni ulikuja mwaka 1965, Fleischer, Price, Walker na Leakey walipohesabu nyufa ndogo zinazoachwa na urani inapopasuka ndani ya kioo cha volkano. Walipata takriban miaka milioni 2, pamoja na uwezekano wa kukosea kwa karibu miaka 300,000 kila upande. Kipimo hicho hakikuwa na ukali wa kutosha kuthibitisha 1.75 kwa usahihi, lakini 1.3 ilikuwa nje kabisa ya upana wake.

Basalti iliyoletwa kama shahidi wa kupinga ndiyo iliyokuja kuwa maarufu zaidi kuliko majivu yaliyotetewa. Hilo halikutarajiwa na upande wowote.

Jina linaingia katika kalenda

Richard Hay, mwanajiolojia wa Berkeley, alianza kuchora upya mpangilio wa matabaka ya Oldupai mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yeye na Sherman Grommé walipima usumaku wa basalti ileile ya chini, wakatangaza matokeo mwaka 1963 katika Nature: usumaku wake ulikuwa wa kawaida, ukielekea kaskazini kama uga wa leo.

Matokeo hayo yangeweza kupita bila kutazamwa. Yalipata uzito kwa sababu mwaka huohuo Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple, wote wakiwa wa Idara ya Jiolojia ya Marekani huko Menlo Park, walikuwa wakipanga lava za California na Hawaii kwa umri na mwelekeo, huku Ian McDougall na Don Tarling wakifanya kazi kama hiyo nchini Australia kwa miamba ya Hawaii. Mwaka 1964 kundi la Menlo Park lilitoa ratiba iliyogawanywa katika zama zilizopewa majina ya wanasayansi: Brunhes ya uga wa kawaida hadi leo, Matuyama ya uga wa kinyume kabla yake, na Gauss ya uga wa kawaida kabla ya hiyo. Kwa hesabu ya wakati ule Matuyama ilianzia takriban miaka milioni 2.5 iliyopita na kuishia karibu milioni 1. Basalti ya Oldupai iliangukia katikati yake, ikielekea upande usiotakiwa.

Palikuwa na njia mbili. Ama tarehe au kipimo cha usumaku kilikuwa na kosa, na basi basalti iondolewe katika orodha. Ama uga wa Dunia ulikuwa umerudi katika hali ya kawaida kwa muda mfupi ndani ya zama za kinyume. Cox na wenzake walichagua ya pili. Waliuita mgeuko huo mfupi tukio, wakaupa jina la mahali: tukio la Olduvai, sambamba na tukio la Mammoth la California katika zama za Gauss. Uamuzi huo ulihitaji ujasiri, maana uliegemea mahali pachache mno, na mojawapo ni bonde ambalo umri wa basalti yake ulikuwa umepingwa hadharani miaka mitatu kabla. Kama von Koenigswald angekuwa sahihi kuhusu milioni 1.3, tukio lingebaki, lakini lingehamia mahali pengine katika ratiba na kuivuruga yote.

Uthibitisho ulitoka baharini. Fred Vine na Drummond Matthews walikuwa wamependekeza mwaka 1963 kwamba sakafu ya bahari, inapotengenezwa katika matuta ya katikati ya bahari, hurekodi migeuko kama mistari sambamba. Mwaka 1966 Walter Pitman na James Heirtzler walionyesha mkato wa meli ya Eltanin kusini mwa Pasifiki wenye ulinganifu wa kushangaza pande zote mbili za tuta, na ndani ya ukanda wa Matuyama mlikuwa na mstari mwembamba wa uga wa kawaida mahali ambapo Olduvai ilitarajiwa. Mwaka huohuo Neil Opdyke na wenzake walisoma mfuatano huo katika mashapo ya bahari ya Antaktika, ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na lava. Nadharia ya kusogea kwa mabamba ya Dunia ilipata hapo mojawapo ya nguzo zake, na kipande cha basalti kutoka Tanganyika kilikuwa sehemu ya nguzo hiyo.

Jina lenyewe halikusalimika bila mgogoro. Baada ya lava za Gilsá nchini Iceland kutoa umri wa karibu miaka milioni 1.6 mwaka 1966, baadhi ya watafiti walidai kwamba mstari mrefu unaoonekana baharini ni Gilsá, na kwamba Olduvai ni mgeuko mwingine mdogo zaidi. Grommé na Hay walirudi kwenye suala hilo mwaka 1971, safari hii wakizingatia umri na urefu wa kipindi chote badala ya mtiririko mmoja wa lava. Usumaku wa kawaida ulionekana kuendelea kupitia Tabaka la Kwanza hadi sehemu ya chini ya Tabaka la Pili, na hivyo bonde lenyewe lilionyesha kipindi kirefu. Jina la Olduvai likabaki. Leo kipindi hicho kinawekwa kati ya takriban miaka milioni 1.95 na milioni 1.78 iliyopita, na mahali palipopatikana Zinjanthropus panakadiriwa kuwa na miaka milioni 1.84. Tarehe ya 1961 ilikuwa pungufu kidogo, jambo ambalo wapinzani wake hawakulifikiria.

Kisa cha Koobi Fora

Kufikia miaka ya 1970 mwelekeo wa ushahidi ulikuwa umeanza kugeuzwa. Ratiba iliyojengwa kwa tarehe sasa ilitumika kutoa tarehe. Njia hiyo ni halali, lakini ina mtego, na mtego huo ulinasa mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya.

Majivu yaitwayo tufu ya KBS yalikuwa yamepewa umri wa takriban miaka milioni 2.6. Mwaka 1974 Brock na Glynn Isaac walichapisha mfuatano wa usumaku wa mashapo ya Koobi Fora, nao ukapatanishwa na umri huo. Vipimo vyao vya mwelekeo vilifanywa kwa uangalifu. Tatizo ni kwamba mfuatano wa usumaku una herufi mbili tu, kawaida na kinyume, na mkanda wenye herufi mbili unaweza kulinganishwa na ratiba katika sehemu zaidi ya moja. Msomaji aliyeshika 2.6 mkononi atapata mahali pa 2.6 pa kuuweka. Waliokuwa na shaka walikuwa wataalamu wa nguruwe wa kale, waliogundua kwamba aina za nguruwe zilizo chini ya KBS zinafanana na zile za Oldupai na za bonde la Omo, Ethiopia, zenye umri mdogo zaidi. Vipimo vipya vya Curtis na wenzake, kisha vya McDougall mwaka 1980, viliishusha KBS hadi karibu miaka milioni 1.9, yaani ndani ya kipindi cha Olduvai chenyewe.

Kwa mtahini anayepima tasnifu za jiolojia ya Afrika Mashariki, kisa hiki kina thamani kuliko mafanikio ya baharini. Usumaku hautoi tarehe peke yake. Unatoa mpangilio unaohitaji angalau nanga moja ya nje, na nanga ikiwa mbovu, mpangilio utaikubali bila malalamiko.

Upande wa Simiyu

Kwa kigezo hicho, nafasi ya miamba ya Simiyu katika kalenda ya migeuko inaweza kuelezwa kwa uwazi. Graniti za Bariadi na Maswa zina umri uliojulikana kupitia urani na risasi katika zirkoni, si kupitia sumaku. Ratiba kamili ya migeuko hutegemea sakafu ya bahari, na sakafu ya zamani zaidi iliyobaki haifiki miaka milioni 200. Kabla ya hapo kuna vipande tu, na katika umri wa miaka bilioni 2.5 hakuna mkanda wa kulinganisha nao. Mwelekeo uliohifadhiwa katika graniti ya namna hiyo unaweza kusaidia kujua bara lilikuwa latitudo gani, lakini si kutoa tarehe.

Kuna kizuizi kingine ambacho kila mchukua sampuli wa kanda ya Ziwa hukutana nacho: radi. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi sana duniani, na mawe makubwa yaliyojitokeza juu ya tambarare za Usukuma ndiyo yanayopigwa. Mkondo wa radi huacha usumaku mkali unaoficha ule wa asili, na sampuli mbili zilizotolewa hatua chache tu kutoka moja hadi nyingine zinaweza kuelekea pande tofauti kabisa. Maabara huweza kusafisha sehemu ya uchafu huo kwa uga unaobadilika au kwa joto la hatua kwa hatua, lakini si kila mara. Udongo mweusi wa mbuga, ambao wakulima wa pamba wa Bariadi wanaujua kwa nyufa zake za kiangazi, nao haufai, kwa kuwa hupanuka, hupasuka na kujigeuza wenyewe mwaka baada ya mwaka, na mwelekeo wowote uliotua humo huvurugwa.

Katika vilima vya Dutwa, wilayani Bariadi, na Ngasamo, wilayani Busega, ambako nikeli imegunduliwa katika udongo wa mabaki ya miamba iliyooza, suala ni tofauti kidogo. Oksidi za chuma zinazozaliwa wakati mwamba unapooza hushika usumaku wa wakati huo wa kuoza, si wa kuzaliwa kwa mwamba. Mtafiti akipima huko atakuwa anauliza umri wa hali ya hewa iliyouozesha mwamba, na asipotenganisha maswali hayo mawili atapata jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Mahali penye matumaini zaidi ni pembezoni mwa mashariki, kuelekea Pori la Akiba la Maswa na Serengeti, ambako majivu ya nyanda za juu za Ngorongoro yalipeperushwa na pepo za kutoka mashariki. Majivu hayo hupungua unene kadiri mtu anavyokwenda magharibi, lakini fuwele zilizomo, zikiwa hazijaoza, zinaweza kutoa nanga ya agoni ambayo graniti za magharibi haziwezi kutoa kwa kipindi hicho. Kazi ya namna hiyo ina sharti moja ambalo watafiti wa Iceland hawalihitaji sana. Huko kaskazini uga huinama kwa kasi kuelekea chini, na kipande cha lava kikijulikana tu juu na chini yake, mgeuko huonekana. Katika latitudo ya Bariadi, karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, wastani wa mwinamo wa uga kwa muda mrefu ni takriban nyuzi 6 tu, hivyo tofauti ya kawaida na kinyume imo karibu yote katika upande wa kaskazini na kusini. Sampuli isiyo na alama sahihi ya kaskazini haina habari. Na kwa kuwa mwamba wenye chuma huipotosha dira iliyowekwa juu yake, alama hiyo huchorwa kwa kivuli cha jua, pamoja na saa na dakika ya kusomwa, kabla kipande hakijang'olewa.